Saratani ya Mlango wa Kizazi na Saa za Soko

Ndani ya kila seli zimo protini ambazo kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni. Mojawapo, p53, huisimamisha seli iliyoharibika au huiamuru ife. Virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, huvuruga utaratibu huo kwa protini zake mbili: E6 husababisha p53 ivunjwe, na E7 humnyamazisha mlinzi aitwaye Rb, hata E2F ikapata nafasi ya kuwasha jeni za mgawanyiko.

Kusambaa huhitaji waamrishaji wengine. Snail na Twist, zenye kazi halali mimba inapoumbika, huamka upya na kuzima jeni ya gundi inayoshikamanisha seli. Seli hulegea, ikahama. Uvimbe unapokosa oksijeni, HIF-1 huwasha jeni ya PD-L1, na seli ya saratani hujivika alama inayoituliza seli T iliyokuja kuiua.

Mchuuzi wa Kariakoo yanamhusu, kwa kuwa safari hiyo huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, na kwa muda mwingi haiumi. Katika kipindi hicho siki ikipakwa kwenye mlango wa kizazi huonyesha mabadiliko ambayo mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Anayefika Taasisi ya Saratani Ocean Road uvimbe ukiwa umesambaa huhitaji tiba nzito, na dawa za kuifungua kinga iliyotulizwa ni ghali mno kwa walio wengi.

Kumwita mzembe si haki. Anayepanga meza alfajiri na kuifunga magharibi hupoteza mauzo ya siku nzima akikaa foleni ya asubuhi. Upimaji ungefuata saa za soko, jioni na Jumapili, foleni hiyo ingepungua bila mahubiri. (Neno “umechelewa”, linalotamkwa sana vyumbani mwa daktari, halijapata kumponya mtu.)

Chanjo iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 ililenga wasichana wa miaka 14. Mama mwenye miaka 40 leo haikumfikia. Anayeishi na VVU yumo katika hatari mara sita zaidi, naye tayari huhudhuria kliniki kuchukua dawa. Apimwe hapo hapo, siku hiyo hiyo, kabla hajarudi mezani kwake.