Mchoro wa Ubaoni Usemwe kwa Maneno

Ndugu wanachuo, katika mazoezi ya kufundisha husikika mara nyingi maneno haya: "Tazameni hapa. Maji hutoka hapa, yakaja hapa, yakaenda pale." Mwalimu huelekeza fimbo ubaoni, na mtoto mwenye uoni hafifu huambulia "hapa" na "pale" tu. Nami nilipoanza kazi nilifundisha hivyo, nikamdhania mtoto wa namna hiyo kuwa mzito wa kuelewa. Kosa lilikuwa langu.

Kosa hilo limekwisha kutokea katika chombo kikubwa kuliko ubao. Tim Berners-Lee alipendekeza mtandao wa kurasa za kompyuta, yaani Wavuti, mwaka 1989. Punde kurasa hizo zikajaa picha. Mwaka 1997 huko Japani, Chieko Asakawa, mtaalamu wa kompyuta asiyeona tangu umri wa miaka 14, aliongoza utengenezaji wa programu ya kuzisoma kwa sauti. Lakini picha ambayo mwenye ukurasa hakuiandikia maelezo haikuwa na la kusomwa. Ndipo shirika linaloweka kanuni za Wavuti lilipotoa, tarehe 5 Mei, 1999, miongozo 14. Wa kwanza ulitaka kila kinachoonekana au kusikika kiwe na kibadala chenye maana ile ile.

Wapo watakaosema: "Darasa langu lina watoto 80. Nitapata wapi nafasi ya kumtengea mmoja somo lake?" Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mwongozo ule haukudai ukurasa wa pili. Ulidai maneno ndani ya ukurasa ule ule. Semeni: "Jua hupasha maji ya ziwa, yakapanda kama mvuke, mvuke hupoa angani ukawa mawingu, kisha mvua hunyesha." Maneno hayo humfaa asiyeona, humfaa na aliyeketi nyuma kabisa, ambako ubao hung'aa kwa jua la dirishani.

Kwa hiyo, katika andalio la somo, kila mchoro uandikiwe maelezo yake tangu mwanzo. Kisha mwombeni mwenzenu aupe ubao mgongo, asikilize, achore anachosikia. Akishindwa kuchora, msimlaumu yeye. Rudini kwenye andalio.