Mandari haina risiti

Tumeuzoea mno msemo huu Lamu, hata hatuuhoji: bila mtalii, ufuo ni mchanga mtupu. Utausikia Mkunguni barazani, na utausikia mkutanoni kwa kipaza sauti. Eti thamani ya ufuo wa Shela ni vitanda vya hoteli vilivyojaa.

Upuuzi. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu, kisha Manda, na mahoteli yakabaki matupu. Kwa hesabu ya vitanda, ufuo ule wa kilomita 12 hivi ulikuwa umefilisika. Mbona basi siku ya Idi watu walikwenda mandari vilevile, mikeka kichwani na chupa za chai mkononi?

Wataalamu nao hawatusaidii sana. Mwaka 1947 mchumi Mmarekani, Harold Hotelling, alishauri kwamba mbuga ya bure inaweza kupimwa thamani kwa gharama aliyoingia mtu kuifikia. Fikra nzuri, huko kwao. Ilete Shela: Mjerumani amekata tiketi ya ndege, mtoto wa Langoni amekuja kwa miguu, ndara mkononi kwa kuwa maji yamejaa hadi njiani. Wa kwanza anaandikiwa malaki, wa pili sifuri. Hata ukimhesabia mtoto muda wake, muda wa asiye na mshahara huandikwa senti. Kinachopimwa hapo ni mfuko wa mtu, na raha yake haijaguswa.

Na hesabu hiyo ina meno. Anayeiamini haoni ubaya kukata viwanja kwenye vilima vya mchanga ili mgeni ajenge jumba, ilhali chini ya vilima hivyo ndiko yanakohifadhiwa maji tunayokunywa mjini.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Kumbe hasara ya asiye na risiti hukadirika, watu wakitaka. Mwenda mandari ndiye hajaulizwa.

Nilijaribu mwenyewe, Ijumaa moja, maji yamekupwa. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akimenyea wajukuu maembe: angetaka alipwe ngapi ufuo huu ukizungushiwa ukuta? Hakuinua kisu.

“Kwani, mwanangu, wewe ndiwe muuzaji?”