Umbo la Waraka na Sifa ya Uponyaji: Hoja Juu ya Maandishi ya Kale ya Marekani

Yapo mazoea katika idara zetu za fasihi ya kuwaachia wanahistoria kila andiko lisilokuwa riwaya, tamthilia, hadithi fupi au shairi. Barua ya daktari, shajara ya mkunga, kijitabu kilichoandikwa kujibu shutuma wakati wa maradhi: haya, tunaambiwa, yana maudhui lakini hayana fani, na pasipo na fani mhakiki hana kazi. Makala haya yanaupinga msimamo huo. Tumechagua kuupinga kwa kutumia maandishi ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, yanauunga mkono, yaani barua na nyaraka za Marekani za karne ya 18 na ya 19 zinazohusu ugonjwa na tiba. Dai letu ni kwamba katika nyaraka hizo fani ndiyo inayoamua nani ahesabiwe kuwa mganga na nani abaki kuwa mwili uliotibiwa au mdomo ulioulizwa. Mhakiki anayeikimbia fani hiyo ameukimbia mgogoro wenyewe.

Inashangaza kwamba wanaoshikilia msimamo huu ni watu wa Kiswahili. Kwetu sisi neno waraka hutaja barua na hutaja utungo pia. Barua kongwe za Kiswahili zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 na kuhifadhiwa Goa, wataalamu wetu huzisoma neno kwa neno. Kwa nini basi tukifika Boston ya miaka hiyohiyo tunageuka kuwa wasomaji wa habari tu?

Tuanze Boston. Mnamo Desemba 1706 waumini wa mchungaji Cotton Mather walimpa zawadi ya mtumwa, Mwafrika, naye akamwita Onesimus. Jina hilo limetoka katika waraka, ule wa Mtume Paulo kwa Filemoni, na maana yake kwa Kigiriki ni mwenye kufaa. Kabla hajatamka lolote, mtu huyu ameshaandikwa ndani ya utanzu wa waraka kama mtumwa anayemfaa bwana wake. Miaka kumi baadaye, tarehe 12 Julai 1716, Mather aliwaandikia wanachama wa Royal Society ya London akijibu taarifa ya daktari Emanuel Timonius kuhusu kuchanja ndui huko Istanbul. Aliwaambia kwamba habari hiyo kwake si ngeni, kwa sababu alikwisha kuisikia kwa mtumwa wake. Alipomwuliza kama aliwahi kuugua ndui, Onesimus alijibu kwa kukubali na kukataa kwa pamoja, kisha akaeleza jinsi alivyochanjwa kwao Afrika na kuonyesha kovu mkononi.

Wanahistoria huipita sentensi hiyo haraka ili wafike kwenye chanjo. Mhakiki hana ruhusa ya kuipita. Jibu la ndiyo na hapana ni sahihi kabisa kitabibu, maana aliyechanjwa ameupata ugonjwa bila kuugua kama wenzake. Lakini limejengwa pia kama kitendawili: linamlazimisha anayeuliza akiri kwamba hajui na aombe ufafanuzi. Kwa muda wa sentensi moja mtumwa ameketi mahali pa mwalimu, na mchungaji, msomi wa Harvard, ametoa mji. Kwamba maneno haya yametufikia kwa mkono wa Mather hakuyafuti. Mather aliona umbo la jibu lile linastahili kuhifadhiwa.

Sasa tutazame maandishi yake ya baadaye. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliwashauri madaktari wa mji wachanje watu. Alitaja tena ushahidi wa Waafrika, na alikuwa amewahoji wengine wengi waliokubaliana na Onesimus. Lakini katika kitabu chake cha tiba, The Angel of Bethesda, alichokikamilisha 1724 na ambacho hakikuchapishwa kwa ukamilifu hadi 1972, Waafrika hao wanaeleza utaalamu wao kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa. Wapo wanaosema kwamba hivyo ndivyo walivyozungumza na Mather alinakili tu. Hoja hii haimfai mtu aliyesoma hata mhula mmoja wa uhakiki. Hakuna kunakili kusikochagua. Matamshi ya wazungu wa Boston, mafundi na mabaharia, hayakunakiliwa kwa uaminifu wa namna hiyo.

Je, uvunjaji huo wa lugha ni kejeli tupu? Hapa tunatofautiana pia na wenzetu wa upande wa pili, wale wanaomaliza mjadala kwa kumwita Mather mbaguzi. Alikuwa na watumwa, na jambo hilo halihitaji uhakiki kulithibitisha. Lugha ile iliyovunjwa ina kazi katika hoja yake. Inamwambia msomaji wa 1724: hawa ni watu wasio na elimu, hawana ujanja wa kutunga, kwa hiyo waaminini. Usahili wa usemi umefanywa dhamana ya ukweli. Na dhamana hiyohiyo ndiyo inayowanyang'anya sifa. Wakishakubalika kwa sababu hawajui kutunga, hawawezi tena kuwa watu wenye elimu ya tiba. Onesimus wa 1716 aliyemfundisha bwana wake amegeuka kuwa shahidi anayepimwa. Daktari William Douglass, adui mkubwa wa chanjo hiyo, aliwapuuza Waafrika kwa kuwaita waongo. Yeye na Mather waligombana vikali, lakini katika jambo hili walikuwa kitu kimoja: wote wawili walijadili kama Mwafrika aaminiwe, wala hakuna aliyejadili kama Mwafrika ni tabibu.

Yaliyofuata yanafahamika. Zabdiel Boylston alianza kuchanja tarehe 26 Juni 1721, akianza na mwanawe wa miaka sita na watumwa wawili, Jack na Jackey. Mnamo Novemba mtu alirusha bomu nyumbani kwa Mather. Katika mji wa watu kama 11,000 waliougua walikuwa 5,889 na waliokufa 844, yaani takriban 14 katika kila mia. Kati ya watu zaidi ya 240 waliochanjwa na Boylston walikufa 6. Boylston alichapisha taarifa yake London mwaka 1726 na akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mather alikuwa mwanachama tayari. Hakuna maandishi ya mkono wa Onesimus yanayojulikana.

Mtu aweza kusema kwamba mfano huu ni rahisi kwa kuwa mtumwa hakuandika. Twende basi Philadelphia, ambako walioshutumiwa waliandika wenyewe. Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 katika mji huo, uliokuwa makao makuu ya taifa wakati huo. Daktari Benjamin Rush aliamini kwamba watu weusi hawashikwi na homa hiyo. Imani hiyo aliitoa katika barua iliyoandikwa mwaka 1753 na daktari John Lining wa Charleston. Kwa kutegemea barua ya miaka arobaini nyuma, Rush aliwaomba Absalom Jones na Richard Allen, viongozi wa Free African Society, wahimize watu wao wauguze wagonjwa na kuzika maiti. Wakafanya hivyo, wakajifunza na kutoa damu kama Rush alivyoamini kwamba inatibu. Novemba mwaka huohuo Mathew Carey, mchapishaji, alitoa kitabu akiwashutumu baadhi ya wauguzi weusi kwa wizi na kwa kudai malipo ya kupindukia. Jones na Allen walimjibu kwa kijitabu mnamo Januari 1794.

Kijitabu hiki wengi wetu wangekiita hati ya utetezi na kukirudisha rafuni. Tunakiona kuwa mojawapo ya tahakiki bora zilizowahi kuandikwa Marekani, na tunatumia neno tahakiki kwa makusudi. Carey alikuwa amewasifu Jones na Allen kwa majina. Wao waliikataa sifa hiyo, kwa hoja kwamba kutajwa kwao peke yao kunawaacha wengine wote katika hatari ya kuhesabiwa miongoni mwa waovu. Waliona kwamba ubaya wa matini ya Carey haumo katika maneno yake makali tu. Umo pia katika sarufi ya pongezi zake, ambamo watu wawili ni nafsi zenye majina na waliosalia ni kundi. Jibu lao ni la kifani vilevile: wanajaza majina. Sampson, maskini aliyekwenda nyumba hadi nyumba bila kuomba malipo hadi alipokufa kwa ugonjwa huohuo. Sarah Bass, mjane aliyehudumia jamaa kadhaa bila kudai chochote. Mary Scott, aliyeomba nusu dola kwa siku. Kisha wanamkumbusha Carey, kwa utulivu unaouma kuliko tusi, kwamba yeye aliukimbia mji na kwamba kitabu chake kimemletea faida.

Halafu zinakuja hesabu. Walipokea pauni 233, shilingi 10 na peni 4. Walitumia pauni 411 kwa majeneza na ujira wa vibarua, wakapata hasara ya pauni 177, shilingi 9 na peni 8. Msomaji wa fasihi hupenda kuziruka kurasa za namna hii. Ni kosa. Waandishi hawa walijua kwamba kiapo cha mtu mweusi hakikuwa na uzito mbele ya wasomaji wao, wakachagua umbo ambalo mfanyabiashara wa Philadelphia hakuweza kulidharau bila kuidharau biashara yake mwenyewe. Kwa umbo hilohilo waliiua barua ya Lining: mwaka 1792 walizikwa watu weusi 67 mjini, na mwaka 1793 walizikwa 305.

Shajara ya mkunga Martha Ballard wa Hallowell, Maine, inaweza kutajwa kwa ufupi zaidi kwa kuwa imekwisha kupata mtetezi. Aliiandika tangu 1785 hadi 1812, akaorodhesha uzazi 816 alioushughulikia. Waandishi wa historia ya mahali pale waliiona kuwa na mambo madogo ya nyumbani, mpaka Laurel Thatcher Ulrich alipoitolea kitabu mwaka 1990. Linalotuhusu ni kwamba mtetezi huyo ni mwanahistoria. Marudio yale yale ya hali ya hewa, mgonjwa, mtoto na ujira ni mtindo, na wahakiki ndio tuliopaswa kulisema hilo kwanza.

Ipo hatari ya kinyume, nayo inaenea miongoni mwa wanafunzi wetu wa uzamili. Daktari J. Marion Sims alifanya majaribio ya upasuaji wa fistula huko Montgomery, Alabama, kati ya 1845 na 1849, kwa wanawake watumwa. Tunawajua watatu kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa takriban mara 30 bila dawa ya usingizi. Katika tawasifu yake iliyochapishwa 1884, Sims anadai kwamba wanawake hao wenyewe walimsihi aendelee. Mwanafunzi mwenye uchungu wa haki hutaka kutuambia Anarcha alisema nini hasa. Mshairi na aseme. Mhakiki hana idhini hiyo. Kazi yake ni kuionyesha sentensi ya Sims ilivyo: ridhaa iliyosimuliwa na mwenye kisu kwa niaba ya mtu ambaye kisheria hakuweza kukataa. Kuijaza nafasi iliyo wazi kwa maneno yetu ni kurudia alichofanya Sims, japokuwa kwa nia njema.

Limebaki suala la tafsiri, ambalo haliepukiki tukitaka kuzifundisha nyaraka hizi kwa Kiswahili. Tutawafasiri vipi wale Waafrika wa Mather? Mwenzetu mmoja anapendekeza Kiswahili fasaha ili kuwarudishia heshima. Tunaielewa nia yake, lakini pendekezo hilo lingeficha ushahidi wa jinsi heshima hiyo ilivyoondolewa. Tutumie basi Kiswahili kilichovunjika? Kiswahili cha aina hiyo tunacho, na kina historia: ni Kisetla, ambacho mvunjaji wake mkuu hapa Kenya alikuwa bwana alipomwamuru mtumishi wake. Kumpa Onesimus lugha ya bwana shamba wa Nakuru kungekuwa kioja. Sisi tunapendekeza sentensi fupi, sahihi kisarufi, zilizopunguzwa viunganishi, na maelezo ya mfasiri pembeni yakitaja kila mahali ambapo Mather aliharibu neno. Barua ya 1716 ifasiriwe kwa Kiswahili kamili, kwa sababu humo, mwaka huo, jibu la Onesimus lilikuwa bado halijavunjwa.