Kilwa Haina Haja ya Kuazima Hekaya

Ipo kasumba inayokataa kufa miongoni mwa wasomi: kwamba sanaa kubwa ni mali ya mataifa mengine, na kwamba ngano za pwani ni porojo za kuwabembelezea watoto. Mwenye kasumba hiyo na aitazame Urusi.

Mwaka 1898, mjini Moscow, ilionyeshwa opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, iitwayo Sadko. Mtunzi wake, Nikolai Rimsky-Korsakov, hakwenda kuomba kisa Italia wala Ufaransa. Alichukua tenzi za mapokeo za Novgorod, zilizohifadhiwa vinywani mwa wakulima, juu ya mwanamuziki aliyetajirika kwa fadhila za bahari, kisha akashuka hadi kwa mfalme wa vilindi. Hakuna Mrusi aliyedai kwanza ithibitishwe kama mfalme huyo aliishi.

Sasa itazamwe Kilwa. Hekaya husema kwamba Ali bin Hassan, kutoka Shiraz, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Mtawala akahamia bara, akakusudia kurudi kwa vita maji yatakapopwa. Mkondo ukachimbwa, bahari ikafunga njia. Hapo pana tamthilia nzima: mnunuzi mwerevu, mtawala aliyeuza ardhi kwa vitambaa, na swali ambalo hekaya yenyewe hailijibu: je, wakazi waliulizwa? Katika nchi ambayo ardhi bado inagombaniwa, swali hilo si la kuwalaza watoto.

Watakuwapo watakaosema kwamba Warusi wana majumba makubwa na fedha nyingi. Huo ni udhuru wa wavivu. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii hii ya kusini, alitunga Kinjeketile kutokana na vita vya Maji Maji, ikachapishwa mwaka 1969. Tamthilia hiyo inaweza kuchezwa hata chini ya mwembe.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004, yakaokolewa, yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Mawe yamepata watetezi. Hekaya je? Mwalimu anayeshuka basi Nangurukuru kwenda kuripoti kazini Masoko, na afisa utamaduni aliyekwisha kufika, hawana budi kuketi na wazee, kuandika, na kuwapa wanafunzi jukwaa. Ukuta ukianguka huweza kujengwa upya. Mzee akizikwa na hekaya yake, hakuna fundi wa kuikarabati.