Mwenye Msimamo au Mwenye Kushinda?

Mkazi wa Nshambya, katika Manispaa ya Bukoba, hana haja ya kufundishwa maana ya butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au na gharama za ugonjwa humwuzia mlanguzi kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, huchuma kwa mikono yake mwenyewe mali iliyokwisha kuwa ya mwingine. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na ubaya wake wajulikana na kila mtu. Walakini iko butura nyingine ambayo haijapigwa marufuku na yeyote, nayo hufanyika kila ukaribiapo uchaguzi wa Rais. Mpiga kura aliyelelewa katika imani, ajuaye vema ni nani mwenye msimamo na ni nani asiye nao, huambiwa kwamba mgombea wake "hauziki". Basi huitoa kura yake kwa bei iliyopangwa na wengine, kabla hata kampeni hazijafunguliwa.

Neno hilo la kuuzika limetoka sokoni likaingia katika vikao vya vyama, na sasa hakuna anayelishangaa. Sisi hatusemi kwamba kutaka kushinda ni kosa. Mchukuzi wa gati la Kemondo, mwalimu wa shule ya msingi na mchuma kahawa wa Muleba hawapati mshahara bora wala bei bora kutoka kwa mtu mwema aliyeshindwa akarudi nyumbani kwake. Chama kisichotaka kushika serikali ni jumuiya ya maombi tu. Swali letu ni jingine: ni nani aipimaye hiyo kuuzika, na kwa mizani gani? Maana awezaye kumfanya mgombea ashinde ni mpiga kura peke yake. Na huyo huyo ndiye anayeambiwa aweke kando matakwa yake kwa sababu, ati, wapiga kura hawatakubali.

Tuutazame kwanza mfano wa mbali, kwa kuwa huko hesabu iliandikwa wazi. Jimbo la Utah, Marekani, ni nyumbani kwa Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hao ni watu wa kufunga na kutoa zaka, wasiokunywa pombe wala kahawa. Na kwa hilo la kahawa msomaji wa Bukoba atawahurumia. Mwaka 2012 mwenzao wa imani, Mitt Romney, aligombea Urais kwa tiketi ya chama cha Republican. Utah ilimpa zaidi ya kura 70 katika kila 100, lakini nchi nzima ilimchagua Barack Obama. Miaka 4 baadaye chama hicho hicho kilimsimamisha Donald Trump, na hapo Wamormoni wakagawanyika nyumba kwa nyumba. Maneno ya mgombea huyo juu ya wanawake, wahamiaji na Waislamu yaliwachoma watu ambao mababu zao walifukuzwa Missouri na Illinois katika karne ya 19 kwa sababu ya dini. Machi 2016 Romney alisimama Salt Lake City akampinga hadharani. Oktoba mwaka huo gazeti la Deseret News, ambalo ni mali ya kanisa lao, lilimtaka Trump ajiondoe.

Wengine walijibu kwamba dhamiri ni kitu kizuri, lakini kura isiyoweza kushinda ni kura aliyopewa Hillary Clinton. Waliochoshwa na pande zote mbili walimpata Evan McMullin, Mmormoni aliyesimama bila chama, asiye na fedha wala jina. Alipata kura 21 na ushei katika kila 100 za Utah. Trump alipata 45 na ushei, akalichukua jimbo. Waliosema "hawezi kushinda" hawakukosea. Lakini mtu aliyelichukua jimbo ambalo chama chake kimezoea kupewa bila jasho, huku zaidi ya nusu ya wapiga kura wakimkataa, ameonywa. Mwaka 2020 wengi katika waliomkataa walirudi, naye akapata kura 58 katika kila 100. Dhamiri ya Utah ilisimama kwa uchaguzi mmoja.

Sasa turudi nyumbani, ambako jambo hilo hilo lilitufikia mwaka 2015 kwa uzito zaidi. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Edward Lowassa, wakati huo Waziri Mkuu, alikuwamo. Na Nazir Karamagi, Mbunge wa Bukoba Vijijini, alikuwamo pia. Februari 2008 wote wawili walijiuzulu uwaziri kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Haki yataka tuseme kwamba Lowassa hakupata kuhukumiwa na mahakama yoyote, naye daima alikana kwamba alikosa. Mwaka 2010 Dk. Slaa, padre wa zamani aliyepata kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aligombea Urais kwa neno moja kubwa, yaani ufisadi. Alipata kura 2,271,941, naye Jakaya Kikwete wa CCM alipata 5,276,827.

Julai 2015 CCM, katika vikao vyake vya Dodoma, ililikata jina la Lowassa. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 28, alipokelewa CHADEMA, kisha akasimamishwa kugombea Urais kwa niaba ya vyama 4 vya UKAWA. Mtu aliyesomwa Mwembeyanga akawa mshika bendera wa waliomsoma. Hoja ilikuwa moja tu: anauzika. Profesa Ibrahim Lipumba aliuacha uenyekiti wa CUF mwezi Agosti, akisema nafsi yake yamsuta. Tarehe 1 Septemba Dk. Slaa naye alitangaza kuachana na siasa za vyama, akaeleza kwamba alikuwa amewauliza wenzake kama mgeni huyo ni mtaji au ni mzigo. Mmoja Mwislamu, mwingine padre wa zamani, na wote wawili walifikwa na jambo lile lile.

Wenye hoja ya kuuzika wana haki ya kutuonyesha tarakimu. Lowassa alipata kura 6,072,848, zaidi ya maradufu ya zile za Slaa. Lakini tarakimu zisomwe zote. Mwaka 2010 watu waliopiga kura walikuwa karibu milioni 8.6, mwaka 2015 walikuwa zaidi ya milioni 15. Kura za upinzani ziliongezeka, na kura za CCM nazo ziliongezeka: John Magufuli alipata 8,882,935. Tena vyama vilivyokuwa vikigawana kura mwaka 2010 vilisimama pamoja mwaka 2015. Ni sehemu gani ya ongezeko hilo ilikuwa ya Lowassa, na ni ipi ya umoja wenyewe na ya watu wengi kujitokeza, hakuna awezaye kuikata kwa kisu. Lililo dhahiri ni kwamba waliouacha msimamo ili washinde hawakushinda. Na bei waliyolipa ilionekana mara moja: wimbo wa kuwafichua mafisadi, ambao upinzani uliutunga na kuuimba kwa miaka 8, ulichukuliwa na mgombea wa chama tawala akauimba yeye hadi Ikulu, na waliokuwa wameutunga hawakuwa na kinywa cha kumzuia.

Tusidanganyane lakini kwamba wenye msimamo walibaki malaika. Profesa Lipumba alirudi mwaka 2016 kukidai kiti alichokiacha, na CUF ikapasuka. Dk. Slaa aliteuliwa balozi na Rais Magufuli mwaka 2017, akaenda Sweden. Lowassa mwenyewe alirejea CCM Machi 2019, akafariki dunia Februari 2024. Mpiga kura aliyegombana na ndugu yake kwa ajili ya watu hao watatu ana haki ya kuuliza ugomvi ule ulikuwa wa nini.

Katika mji wa Bukoba ugomvi huo ulikuwa na chumvi zaidi. Huu ndio mji wa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuvaa kofia nyekundu, mwaka 1960. Na ndio mji wa Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Shirikisho la Kilutheri la Dunia tangu 1977 hadi 1984. Makanisa hayo mawili, pamoja na Waislamu ambao ni wengi hapa, yameshindana kwa shule na hospitali, na watu wamefaidika. Mwaka 2015 Magufuli alikuwa Mkatoliki, aliyesoma seminari ya Katoke, Biharamulo, humu humu Kagera; Lowassa alikuwa Mlutheri. Mwezi Septemba magazeti yaliripoti kwamba Lowassa, akiwa katika ibada ya Kilutheri mjini Tabora, aliwaomba waumini wamwombee, kwa kuwa nchi haijapata Rais Mlutheri. Mtu aweza kusema ni ombi la sala tu. Sisi twaona ni jambo kubwa kuliko hilo. Swali la msimamo lilikuwa: mtu huyu alifanya nini alipokuwa na madaraka? Ombi lile lilitaka lijibiwe kwa kutaja kanisa analosali. Mlutheri mwema aliyekuwa akiwaza juu ya Richmond alipewa nafasi ya kutowaza tena.

John Kennedy, Mkatoliki, alipogombea Marekani mwaka 1960, aliwaendea wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston akawaambia kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, ni mgombea wa chama chake ambaye imetokea kuwa Mkatoliki. Na hapa petu, tangu sensa ya 1967 Serikali haikuuliza tena dini ya mtu, na sheria ya vyama vya siasa ya 1992 yakataza chama cha dini. Anayesema kwamba kundi fulani la waumini "litambeba" mgombea fulani hana daftari lolote mkononi; anabahatisha, kisha anataka tukipe kisio lake kura zetu.

Tena tuyaangalie majimbo yetu wenyewe, maana huko ndiko twajua watu kwa sura. Desemba 2013 Balozi Khamis Kagasheki, Mbunge wa Bukoba Mjini na Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama Bungeni akatangaza kujiuzulu kwa sababu ya mateso waliyotendewa wananchi katika Operesheni Tokomeza. Desemba 2014 Profesa Anna Tibaijuka, Mbunge wa Muleba Kusini, aliondolewa uwaziri kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 zilizohusishwa na akaunti ya Escrow, ambazo alieleza kwamba ulikuwa mchango wa shule. Oktoba 2015 aliyejiuzulu alishindwa na Wilfred Lwakatare wa CHADEMA. Aliyeondolewa alirudishwa Bungeni na watu wa Muleba. Je, Bukoba ilichukia msimamo na Muleba ikapenda kinyume chake? Hasha. Bukoba ilikuwa imechoshwa na ugomvi mrefu wa mbunge na meya juu ya miradi ya mji, na soko likiwamo. Muleba iliona shule za wasichana zilizosimama. Watu walipima kwa mambo waliyoyaona. Huenda walikosea, huenda hawakukosea, lakini walipima wenyewe, wala hawakuazima mizani kwa mpiga ramli wa Dar es Salaam.

Ndiyo maana twasema kwamba kazi ya kiongozi wa dini wakati wa uchaguzi ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2009 wanataaluma Wakatoliki walitoa mwongozo wa kuwaelimisha waumini juu ya uchaguzi, na mzee Kingunge Ngombale-Mwiru akaupinga kwa nguvu, akihofu dini kuingizwa katika siasa. Hofu yake haikuwa ya bure, ila sisi twatofautisha. Waraka unaomfundisha mtu maswali ya kumwuliza mgombea yeyote wamwachia kura yake. Mahubiri yanayomtajia jina wamnyang'anya. Na mchungaji anayekuwa mshenga baina ya mgombea na chama, kama Dk. Slaa alivyodai mwaka 2015 kwamba Askofu Josephat Gwajima alikuwa, amekwisha kuacha kazi ya kwanza na ya pili. Gwajima mwenyewe alikuwa Mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM mwaka 2020, na Juni 2025 Serikali ililifuta kanisa lake baada ya yeye kusema hadharani juu ya watu wanaotekwa. Ushenga una mwendo wake.

Miaka 10 baada ya kumpokea Lowassa, CHADEMA, chini ya mwenyekiti mpya Tundu Lissu, ilishika njia ya kinyume kabisa: ilitangaza kwamba bila mabadiliko ya sheria za uchaguzi haitakubali uchaguzi kufanyika. Aprili 2025 Lissu alikamatwa akashtakiwa kwa uhaini, na Tume ikasema chama hicho, kwa kuwa hakikutia sahihi kanuni za maadili, hakitashiriki. Tarehe 29 Oktoba karatasi ya kura haikuwa na jina lake. Hivyo mpiga kura wa Nshambya, katika muda wa miaka 10, ameona chama kikimchukua yeyote ili kishinde, kisha akaona chama hicho hicho hakimo kabisa.

Na Mmormoni wa Utah alikuwa na mlango ambao Mtanzania hana. McMullin alisimama bila chama. Hapa Katiba, ibara ya 39, yataka mgombea Urais awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho. Asiyeridhika na walioletwa na vyama hana la kufanya ila kuiharibu karatasi yake au kukaa nyumbani. Mchungaji Christopher Mtikila aliupinga mlango huo uliofungwa kwa miaka mingi. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilihukumu kwamba kumkatalia raia kugombea bila chama ni kuvunja haki yake. Mtikila alifariki dunia katika ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya watu kupiga kura. Chaguzi tatu za Rais zimepita tangu hukumu ile, na ibara ya 39 ingali kama ilivyokuwa.