Umesusa, umegoma au umeuchuna?

Mwezi huu tuongee kuhusu "sitaki". Kiswahili kina njia nyingi za kulisema neno hilo, na wapendanao wengi wanaumizana kwa sababu mmoja kasema hivi, mwenzake kasikia vile.

Kukataa ni kusema hapana, basi. Kugoma ni kuacha kazi mpaka dai lako lisikilizwe. Kususia ni kujitoa ili watu waone: Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA walipotoka kwenye Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma, tuliambiwa wamesusia, na sababu zao tulizisikia. Ila kususa, au kuzira, ni kitu kingine. Anayesusa hasemi dai, anangoja abembelezwe.

Rafiki yangu alimpeleka mumewe Tukuyu kwa wazazi wake. Njiani wakagombana: mke alimtumia mdogo wake hela bila kumwambia mume. Jioni ndizi zikaletwa, mashemeji wakamkaribisha, jamaa akasema ameshiba. Yeye alikuwa anamsusa mkewe, lakini sahani ile ilikuwa ya ukoo mzima. Kwa Wanyakyusa kula pamoja si kutafuta shibe tu. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa Rungwe miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi wanavyothamini ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzako. Mama mkwe akalala akijiuliza amekosea nini.

Jamaa alikuwa na dai la haki kabisa. Likapotea. Usiku ule kesi ikawa sahani, si hela.

Kibaya zaidi ni mgomo baridi. Unapika, unafua, salamu unaitikia, lakini umeuchuna. Mwenzio atajadiliana na nini?

Waswahili wanasema ukisusa, wenzio wala. Nyumbani mara nyingi hata hawali, wanabaki wanaitazama sahani yako.

Kwa hiyo ukikasirika, litaje jambo lenyewe: "Chakula nitakula, ila lile la hela tuliongee leo kabla hatujalala." Hapo umegomea jambo moja, hujamgomea mtu. Na wewe unayeambiwa hivyo, usijifanye usingizi umekuzidi. Kaa, msikilize.