Kanopi haikuongezei kilomita: acheni kuuziwa upepo

Leo siandiki habari za viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Naandika habari za kitu kinachokaa juu ya mzigo wako barabarani, na nitaandika nikiwa nimekasirika kidogo, mnivumilie.

Kikundi kimoja cha akina mama wanaonunua na kukoboa mpunga huku Mpimbwe kiliniletea karatasi ya bei kabla hakijajaza fomu za mkopo wa halmashauri. Walitaka guta la umeme, lile la magurudumu matatu, wasafirishe mpunga kutoka mashambani hadi mashineni. Wazo zuri. Lakini chini ya bei ya guta lenyewe kulikuwa na mstari mwingine: kanopi ya bati yenye milango, “inapunguza upepo na kuongeza umbali wa betri.” Bei yake ilikuwa inazidi magunia kumi ya mpunga. Mama mweka hazina akaniuliza, “Afisa, hii ikikosekana si chaji itatuishia njiani?”

Mwezi huo huo dereva mmoja wa kirikuu alikataa mbele yangu kufunika karanga za mteja wake. Sababu? “Turubai linakamata upepo, linakula mafuta.” Mawingu yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria.

Angalia sasa. Mmoja anauza kifuniko kwa sababu ya upepo, mwingine anakataa kifuniko kwa sababu ya upepo huo huo. Wote wawili wanakutoza wewe, na wote wawili hawajawahi kupima chochote. Nasema hivi: kwa barabara zetu za vumbi na spidi zetu, upepo ni jambo dogo sana, kwenye gari la umeme na hata la dizeli. Funika mzigo kwa ajili ya mazao. Usinunue kifuniko kwa ajili ya betri.

Maneno haya ya kanopi na betri yametoka wapi? Yametoka Marekani, kwenye pikapu kubwa za umeme kama Ford F-150 Lightning, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022. Kule mtu anaendesha kilomita 110 kwa saa na zaidi, lami imenyooka kama rula, nyuma amebeba baiskeli moja na mbwa. Kwa mtu huyo upepo ndio adui namba moja, na ana haki ya kuuliza kifuniko kitamsaidia kiasi gani. Hata kule jibu si rahisi. Bodi ya pikapu ikiwa wazi, hewa inayoruka juu ya kabini inashuka nyuma na kuzunguka ndani ya bodi kama maji kwenye kona ya mto. Ule mzunguko unakuwa kama mto wa kulalia, na hewa nyingine inateleza juu yake. Ndiyo maana kufungua mlango wa nyuma “ili upepo upite” kwa kawaida hakusaidii kitu, na kunaweza kuharibu. Kifuniko cha bapa kilicholala usawa wa bodi husaidia kiasi. Kanopi ndefu yenye urefu wa kabini na mgongo uliokatwa wima inaweza kusaidia kidogo, isisaidie, au ikaongeza mzigo wa hewa, kutegemea umbo lake.

Hayo ni ya kule. Turudi Majimoto.

Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja. Si hesabu ya maabara, ni makisio, lakini yanatosha kufanya uamuzi. Pikapu ya umeme yenye mzigo, jumla tani tatu. Kwenye barabara ya vumbi iliyoshindiliwa, matairi yanaizuia kwa nguvu ya karibu kilo 90, yaani ni kama umefunga kamba na unavuta kilo 90 bila kupumzika. Upepo kwenye spidi ya 40 unaizuia kwa karibu kilo 9. Umeona? Kumi kwa moja. Sasa tumpe muuzaji zawadi, tuseme kanopi yake inapunguza upepo kwa asilimia kumi kamili. Umeokoa kilo moja pungufu. Lakini kanopi yenyewe ina uzito. Ikiwa na kilo 90, matairi yatakutoza karibu kilo mbili na nusu hadi tatu za nguvu kuibeba, kila kilomita, ikiwa na mzigo au tupu. Umelipia kitu kinachokupunguzia kilomita.

Kwenye guta ni hivyo hivyo. Guta na mzigo wake tuseme tani moja, spidi 30. Matairi karibu kilo 30, upepo karibu kilo 6. Boksi la bati la kilo 80 linakula kuliko linavyookoa, na juu ya hapo limekunyang'anya nafasi ya gunia zima la mpunga kwa kila safari. Wale akina mama wangelipa magunia kumi ili wabebe gunia moja pungufu maisha yote ya chombo. Hapo ndipo hasira yangu ilipotoka.

Najua kuna msomaji wa Mpanda mjini anasema, “Afisa, mimi napita lami ya Tabora, si vumbi lenu.” Ni kweli, na hesabu inabadilika. Upepo hauongezeki sawa na spidi. Spidi ikiwa mara mbili, upepo unakuwa mara nne. Pikapu ile ile ya tani tatu kwenye lami inazuiwa na matairi kwa kilo 36 tu. Kwenye 80 upepo nao unafika kilo 35, yaani vimelingana. Kwenye 100 upepo ni kilo 55, ndio unaokula betri sasa. Ukiwa mtu wa lami ndefu, gari jepesi na mzigo mfupi, kifuniko cha bapa kilichokazwa kinaweza kukulipa. Lakini tazama tena namba hizo: ukishuka kutoka 100 hadi 80 umeokoa kilo 20 za upepo bila kununua hata msumari. Hakuna kanopi inayofanya hivyo.

Kwa nini basi watu wa magari ya umeme wanalalamika kuhusu upepo na mzigo kuliko watu wa dizeli? Kwa sababu injini ya dizeli inapoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto kabla hata gurudumu halijazunguka, na hasara hiyo inaficha nyingine zote. Mota ya umeme inapoteza kidogo sana. Basi kila unachoiongezea, gunia, tope, tairi laini, unakiona siku hiyo hiyo kwenye kioo cha chaji. Gari la umeme halili sana, ila halifichi siri. (Na tusisahau kwamba kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Kabla ya laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, kuchaji gari hapa ingekuwa kuchoma dizeli kwa mzunguko mrefu. Leo ndiyo tunaweza kuongea habari hizi kwa uso mkavu.)

Ushahidi wa barabara za vumbi upo hapa hapa nchini. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia magari ya umeme kwa watalii kaskazini. Kenya nao, kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, iligeuza Land Cruiser za dizeli kuwa za umeme. Gari la safari lina umbo gani? Kabati. Refu, pana, paa linalonyanyuka watu wasimame wapige picha. Kwa upepo ni umbo baya kabisa, na bado kazi inafanyika, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna anayekimbia. Waliokwenda Katavi kupitia Sitalike wanajua gari linatembea spidi gani pale kwenye viboko.

Sasa nikuambie kinachokula betri yako, na mafuta yako pia kama bado uko kwenye dizeli. Cha kwanza ni lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, mkulima anaibiwa nayo, na gari linaumia nayo. Gunia lenye kichwa halipangiki, linapanda juu ya kabini, linaning'inia pembeni, na turubai halifiki chini. Ukitaka kufunika vizuri, anza kwa kufunga gunia mdomo. Cha pili ni tairi lisilo na upepo wa kutosha. Huu ndio upepo ambao ningependa madereva wauhangaikie! Kipimo cha upepo wa tairi ni kitu kidogo cha kuweka mfukoni, na ni madereva wachache sana niliowahi kuwakuta nacho. Tairi laini kwenye mchanga lina faida yake, lakini kulitembeza laini safari nzima ni kuvuta jiwe. Cha tatu ni mguu wa dereva: kuondoka kwa kishindo, kufunga breki ghafla kwenye kila shimo. Gari la umeme linarudisha chaji kiasi ukiachia pedali mapema, kwa mfano ukiteremka kuelekea ziwani Karema. Ukikanyaga breki dakika ya mwisho, chaji hiyo unaigeuza joto la breki.

Nirudi kwenye karanga za yule kirikuu. Mvua ilimkuta njiani. Mzigo ulikuwa wa mama mjane, magunia saba, yalikuwa yamekauka vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilisimamia uanikaji. Yalifika yameloa upande mmoja. Mnunuzi akakataa matatu, na mama akayarudisha nyumbani kwa nauli nyingine. Dereva aliokoa mafuta ya thamani gani kwa kuacha turubai kwenye kiti? Kwa spidi aliyokuwa anakwenda, pengine hata kizibo cha soda hakijai.

Na si hasara ya pesa tu. Karanga na mahindi yakiloa na kukaa na joto yanaota ukungu unaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara sumukuvu iliugusha watu 68, na 20 kati yao walifariki. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha ugali. Nilimsihi yule mama asiwape wajukuu zile zilizolowa. Alinisikiliza, lakini niliona jinsi alivyokuwa anayatazama yale magunia, na chakula cha nyumbani kwake nakijua.

Basi funika. Turubai zito la kitambaa na kamba zake halifiki uzito wa mtoto wa darasa la pili, gharama yake kwa betri huioni. Likaze, kwa sababu linalopiga makofi ndilo linalokamata upepo kweli, na ndilo linalochanika. Anza kulifunga upande wa mbele, likunje liingie chini ya gunia la kwanza, kisha pembeni, nyuma mwisho. Usifunike mazao mabichi kwa nailoni na kuyaacha juani, yatatoa jasho na umeyapika mwenyewe. Boksi la bati lililofungwa kila upande lina ubaya huo huo, jambo ambalo mwenye karatasi ya bei hakuliandika. Kabla ya kupakia mahindi, chukua chupa kavu, tia punje kiasi na chumvi kavu, tikisa, acha dakika kadhaa. Chumvi ikigandia chupani, unyevu umezidi asilimia 15. Soko la Afrika Mashariki linataka usizidi 13.5. Rudisha kwenye turubai la kuanikia, siyo la kufunikia.

Wale akina mama walirudi dukani. Niliwaambia wasibishane habari za hewa, wamuulize muuzaji maswali matatu tu: hizo kilomita zilizoongezeka zilipimwa kwa spidi gani, kwenye barabara gani, na kwa mzigo wa kilo ngapi. Mweka hazina akanipigia simu jioni. Muuzaji alisema atauliza makao makuu. Kisha akawauliza kama wangependa guta bila kanopi, na turubai mbili atawapa bure.